Walihesabu swala kumi, na sisi je?

Kikula, Likasi. Ndugu zangu wasomaji, na ninyi mnaonisikiliza kila asubuhi kabla umeme haujakatika, nina deni kwenu. Niliwahi kuwasomea habari fupi kutoka Parki ya Upemba. Ilisema kwamba wataalamu wamechapisha kwa mara ya kwanza picha ya swala wa mabwawani wa kule, akiwa hai, na kwamba walipopita na ndege juu ya mabwawa waliwaona kumi tu. Habari yote haikuzidi dakika mbili. Niliiweka kati ya bei ya unga na tangazo la msiba, kama kawaida.

Simu zikaanza kuingia. Ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja wa hapa hapa Kikula, aliyetoka upande wa Mitwaba. Sauti yake naijua.

"Mama mutangazaji, batu banatoka mbali na avio, banakuya kuhesabu banyama kumi. Siye tuko hapa myaka yote ile. Nani alikuyaka kutuhesabu siye?"

Wa pili alicheka tu, akasema: "Bale kumi beko na bahati, beko na avio yabo." Wa tatu alikata simu kabla sijamjibu. Nami nilisema "asante kwa maoni yenu", maneno tunayosema pale studio tukishindwa. Usiku sikulala vizuri. Swali la yule mama lilikuwa na haki yake, nami nilikuwa na sababu zangu za kulijua.

Mwisho wa mwaka 2005 nilikuwa na miaka kumi na tatu. Jeshi na Mai-Mai walikuwa wakipigana katika lile eneo watu waliloliita pembetatu ya kifo, yaani Mitwaba, Manono na Pweto. Tulitembea na mama na wadogo zangu wawili mpaka tukafika mahali penye watu wengi na mabanda ya majani. Baada ya siku kadhaa wakaja watu wenye karatasi. Walisema kila familia isimame mbele ya banda lake, wataandika majina na kutoa jetoni, na mwenye jetoni ndiye atakayepewa unga, maharage na mafuta. Ila hawakusema watakuja saa ngapi. Mama alikuwa ameenda kulima shamba la mtu ili apate muhogo. Mimi na mdogo wangu mkubwa tulikuwa mtoni. Yule mdogo kabisa alikuwa amelala ndani, ana homa, na hakuitikia mtu.

Tuliporudi, majirani walikuwa na jetoni mkononi. Kwenye karatasi ile, mbele ya banda letu, palikuwa pameandikwa kwamba hakuna mtu.

Mama alienda kueleza. Akaambiwa asubiri hesabu itakayofuata. Ilifuata baada ya miezi. Miezi ile tulikula kwa majirani, na jirani mwenye jetoni ya watu watano akilisha watu tisa hali kitu. Simtaji aliyekuwa na karatasi zile, wala shirika lake. Nadhani naye alikuwa amechoka, na alikuwa na mabanda mengi ya kumaliza kabla ya jua kuzama. Lakini tangu siku ile, nikisikia "wamehesabiwa", swali la kwanza linalonijia ni hili: wangapi walikuwa mtoni?

Ndiyo sababu niliamua kutafuta jinsi walivyowahesabu wale swala.

Kwanza yule mnyama mwenyewe. Wataalamu wanamwita lechwe. Ni swala wa maji. Ana kwato ndefu, na manyoya ya miguu yana mafuta yanayozuia maji. Maji yakimfika magotini anakimbia vizuri kuliko nchi kavu. Lechwe wengine wako Zambia, kwenye mabonde ya Kafue na mabwawa ya Bangweulu. Wa kwetu anaishi kwenye mabwawa ya Lualaba, kule ziwa Upemba na jirani zake. Ngozi na mafuvu yake yalipelekwa Ubelgiji enzi za ukoloni, yakakaa kwenye makabati ya jumba la makumbusho miaka na miaka. Mwaka 2005 Fenton Cotterill aliyapima, akaona huyu hafanani na wale wa Zambia. Akampa jina lake, Kobus anselli, kwa heshima ya Ansell, mtaalamu wa wanyama wa Zambia. Wataalamu wengine wanasema ni tawi tu la lechwe wale wale, wabishane. Mimi nilisimama kwenye mwaka. 2005! Mwaka ule ule ambao banda letu liliandikwa tupu, mnyama wa mabwawa ya kwetu alikuwa anapewa jina kwa kutazama mifupa, na kule mabwawani kwenyewe hakuna aliyeweza kwenda kuangalia kama bado yupo.

Baadaye Manuel Weber, mwanabiolojia wa parki, na wenzake walikwenda kuangalia. Hesabu ya ndege hufanyika hivi kwa kawaida. Mistari inachorwa kwenye ramani kabla ya safari. Rubani anaifuata bila kukata kona kwenda mahali panapopendeza, kwa mwinuko ule ule na mwendo ule ule. Wanaotazama wanahesabu kilicho ndani ya kipande chao cha ardhi tu, huku na huku. Mnyama aliyejificha kwenye mafunjo hawamwoni. Aliyelala hawamwoni. Wao wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana namba waliyoiona siyo namba wanayoitoa. Waliona kumi. Walichoandika ni kwamba wanadhani waliobaki hawafiki 100.

Hapo ndipo niliweka simu chini nikatoka nje kupunga hewa. Kati ya kumi na mia kuna wanyama ambao hakuna aliyewaona, na watu hawa waliwaachia nafasi kwenye karatasi. Banda letu halikuachiwa nafasi.

Kwa hiyo, mama yangu wa Mitwaba, jibu la kwanza ni hili: usiwaonee wivu wale swala kwa sababu ya ndege. Waonee wivu kwa namna walivyohesabiwa.

Nilitaka kuona kazi hiyo kwa macho. Upemba ni mbali, na njia mnaijua. Lakini kumbe hapa kwetu, upande wa ziwa Tshangalele, kuna ndege mmoja mdogo ambaye hesabu yake ni hadithi ya kushangaza vile vile. Ziwa hilo tunalijua kwa samaki. Watu wengi wa Kikula wanadhani lilikuwepo tangu Mungu alipoumba dunia. Hapana. Ni maji ya Lufira yaliyozuiwa kwa bwawa la Mwadingusha, ambalo mitambo yake ilianza kutoa umeme mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Ziwa lenyewe lina umri wa nkambo zetu.

Mwaka 1960, mwaka wa uhuru, mtafiti Mbelgiji Jean-Claude Ruwet alikuwa akifanya kazi kwenye ziwa hilo. Alipata ndege mfumaji, jamii ya wale wa manjano wanaofuma viota kama vikapu vidogo vinavyoning'inia juu ya maji. Dume ana uso mweusi kama amevaa kinyago. Ngozi ya ndege huyo ikaenda Ulaya. Ilipofika 1982, miaka ishirini na miwili baadaye, Michel Louette na Constantine Benson waliandika kwamba huyu ni ndege ambaye hajawahi kupewa jina. Wakamwita Ploceus ruweti. Mwaka huo huo UNESCO iliandika bonde la Lufira kwenye orodha yake ya hifadhi za baiosfia. Kisha ukimya mrefu. Mwaka 2011 jarida la ndege liitwalo Ostrich lilitoa habari kwamba anaishi hata mbali kuliko ziwa lile peke yake.

1960, 1982, 2011. Watoto walizaliwa, wakaoa, wakazaa katikati ya namba hizo. Je, ndege huyu ameongezeka au amepungua tangu uhuru? Hakuna anayeweza kukuambia, kwa sababu hakuna aliyekuwa anarudi. Ungekuwepo mtu mmoja, awe mwalimu wa Kapolowe au mvuvi, aliyeandika kila Februari "leo viota thelathini", "leo viota kumi na viwili", leo tungejua. Haikuhitaji ndege wala milioni. Ilihitaji kaye na biki.

Kuna binti mmoja anayefanya hivyo sasa. Alisoma biolojia, anatafuta diploma yake ya juu, na jina lake silitaji kwa sababu aliniomba hivyo. Nilimwomba anichukue. Tulipanda basi mpaka Kapolowe-Gare, halafu pikipiki mpaka karibu na maji. Ilikuwa Februari, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, nami nilivaa viatu vya kanisani, usiniulize kwa nini.

Nilitegemea kuona maajabu. Nilichokiona ni mtu anasimama mahali pamoja dakika kumi, anaandika, anatembea, anasimama tena. Ana vituo kumi. Kila kituo kina alama: mti, jiwe, nguzo ya zamani. Anaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mwezi ujao ataanza saa hizo hizo, kituo kile kile, hata kama kituo cha pili kina ndege wengi na cha saba hakina kitu. Nikamwuliza kwa nini asikae tu pale kwenye ndege wengi.

"Yaya," akaniambia, "nikikaa kwenye ndeke bengi, kila mwaka nitasema beko bengi."

Kituo cha tatu palikuwa na viota. Madume yalikuwa yakining'inia chini ya viota vyao yanapiga mabawa, yanaita majike yaje kukagua nyumba. Jike likija, linaingia, linavuta vuta majani, na mara nyingi linaondoka. Dume ambaye kiota chake kimekataliwa mara nyingi hukivunja mwenyewe na kuanza kingine. Nilicheka sana, nikawakumbuka wanaume fulani wa kartie yetu. Nikasogea nione vizuri.

"Yaya, usisongee! Ukisongea batakimbia, na hesabu yetu itakuwa ya bongo."

Alinifundisha kutofautisha. Kiota cha kijani ni kipya, majani bado mabichi. Cha kahawia ni cha zamani, huenda kimeachwa. Vyote vinaandikwa, lakini kwenye safu mbili, visichanganywe. Alinipa jumeli yake ya kuazima, akaniambia nihesabu peke yangu, naye ahesabu peke yake, tusisemezane. Mimi nilipata viota vya kijani kumi na vinne. Yeye kumi na saba. Nilidhani atafuta namba yangu. Aliandika zote mbili, na mbele ya yangu akaandika kwamba ni mtu mgeni, siku ya kwanza. Akasema tofauti ya macho mawili inasaidia kujua ni vingapi ambavyo hata yeye havioni.

Kituo cha saba hapakuwa na kitu. Dakika kumi nzima, mbu tu na upepo. Akaandika sifuri, kubwa, akaizungushia mstari.

Nikamwambia, kwa nini usiache tupu?

"Tupu ni kusema sikufika. Sifuri ni kusema nilifika, sikuona."

Ndugu zangu, nilikaa kwenye matope yale nikafikiria karatasi ya kambini. Mbele ya banda letu waliandika "hakuna mtu". Hawakuandika "tulifika saa nne, hatukuona mtu". Hayo maneno mawili hayafanani hata kidogo. La kwanza linafunga mlango. La pili linasema rudi tena uangalie.

Wakati tunarudi tulikutana na mvuvi anakunja nyavu. Alimjua yule binti, walisalimiana vizuri, kisha akanigeukia mimi. "Munahesabu ndeke. Na samaki, nani anahesabu? Na ile iko mu mwili ya samaki?" Swali lake silo la mzaha. Mto Panda unapita kwetu Likasi na kubeba maji ya viwanda tangu enzi za Union Minière, na maji hayo yanaelekea Lufira. Mwaka 2010 watafiti wa hapa Katanga pamoja na wenzao wa Ubelgiji walichapisha kazi yao juu ya bonde la Lufira ya juu. Walipima shaba, kobalti, risasi, arseniki na metali nyingine katika mlolongo wa chakula wa maji yale, na wakaeleza kwamba uchafuzi upo. Baada yao wengine walipima samaki wa ziwa wenyewe na kuwaza juu ya afya ya wanaowala. Lakini kupima mara moja, halafu baada ya miaka mara nyingine, samaki wengine, mahali pengine, hakumwambii mama wa Kikula kama samaki wa mwaka huu ni afadhali au ni mbaya kuliko wa juzi. Mvuvi yule anataka kitu kile kile kinachofanyiwa ndege: mtu arudi mahali pale pale. Nilimwambia nitaliandika. Nimeliandika.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na hamu kubwa. Nikaamua kumwendea jirani yangu, mzee mmoja ambaye watoto wote wa lupango wanamwita Nkambo. Alizaliwa kwenye kijiji cha wavuvi kati ya maziwa ya Lualaba. Vita vilimtoa, akapanda treni Bukama, akashuka Likasi, na hapa yupo. Nilijua lazima amewaona lechwe. Nikachukua kaye mpya, nikaweka tarehe juu, nikakaa chini mbele yake kama mwandishi wa maana.

Akanitazama, akatazama kaye. Akasema hana la kusema.

Nikadhani hajanielewa. Nikaeleza tena: swala kumi, picha, miaka ambayo hakuna aliyehesabu, na kwamba wazee kama yeye ndio waliokuwa pale.

"Nilisikia," akasema. "Baliandikaka banyama, kisha bakaweka mpaka. Nkambo yangu alilalaka mu kijiji, akalamuka ndani ya parki."

Nilinyamaza. Parki ya Upemba iliwekwa mwaka 1939, chini ya wakoloni, na wenyeji hawakupigiwa kura. Hata ilipopunguzwa baadaye bado ina zaidi ya kilometa za mraba 11,000. Na kweli, baada ya vita ya pili ya dunia, kati ya 1946 na 1949, msafara wa Gaston-François de Witte ulizunguka mle ukikusanya wadudu, vyura, nyoka, samaki na wanyama kwa maelfu, na vitabu juu yake vikachapishwa Brussels kwa miaka mingi. Kila chura ana namba yake na tarehe yake. Nenda katafute kwenye vitabu hivyo nani alikuwa analima wapi.

Kwa hiyo hofu ya Nkambo siyo ujinga, na sitaki wataalamu waiite hivyo. Familia zilizokimbia zina wasiwasi kwamba mambo yakitulia, wataambiwa mahali pao sasa ni pa wanyama. Hilo lisemwe wazi, na wenye parki walijibu wazi, kijiji kwa kijiji.

Lakini sikukubaliana naye kabisa, na nilimwambia, kwa adabu. Walinzi wa parki nao ni watoto wa watu, wengi wao wa humu humu jimboni. Mwaka 2004 Mai-Mai walishambulia kituo cha Lusinga, watu wakauawa pale. Mwaka 2012 mkuu wa parki mwenyewe aliuawa. Waliomfukuza Nkambo kutoka nyumbani kwake ndio hao hao waliokula pundamilia wa Lusinga, ambao ni pundamilia wa mwisho wa porini katika nchi yetu yote. Bunduki moja ilitufukuza sisi na wanyama. Akasikiliza. Akasema bukari yake inapoa, akaingia ndani.

Nilimaliza wiki tatu bila kugusa habari hiyo. Kisha jioni moja umeme ulikatika kama kawaida, kartie nzima giza, watoto wakakusanyika kwa Nkambo kusikia hadithi. Akaniita.

"Lete ile kaye."

Nikaileta, na simu ya kumulika.

"Andika jina ya kijiji kwanza. Hapana banyama. Kijiji."

Nikaandika. Akataja kingine, na kingine, vijiji kumi na kimoja, kila kimoja na upande wa maji kilipokaa, na vile ambavyo havipo tena. Aliponiona nimechoka akaongeza viwili. Ndipo akasema:

"Sasa banyama. Maji ikipanda, banapanda nayo. Ikishuka, banashuka nayo. Habakuwaka banyama ya kukaa fasi moya. Bale ba avio balikuya mwezi gani?"

Sikujua. Akatikisa kichwa kama mwalimu aliyeona mwanafunzi hakusoma. Akaeleza mahali walipokuwa wakionekana mvua ikiisha na Lualaba imejaa, na mahali walipokuwa kiangazi. Mara ya mwisho yeye kuona kundi, si mmoja mmoja, ilikuwa kabla ya binti yake wa tatu kuzaliwa. Tulipiga hesabu kwa umri wa binti huyo, tukapata mwaka. Kundi lilikuwa la wangapi? Watoto walitegemea aseme elfu. Akafikiri muda mrefu. "Sikuhesabu," akasema. "Bwato yetu ilipita, balikimbia mu maji, mupaka tukafika kwenye kukunja kwa mto bado banapita."

Nimempelekea yule binti wa biolojia. Alisoma mara mbili. Hakuiweka kwenye jedwali lake, akaniambia kweli: kumbukumbu ya mzee na hesabu ya mstari havichanganywi, kama kiota cha kijani na cha kahawia. Lakini alifungua ukurasa wake peke yake, akaandika juu yake tarehe, mahali, nani aliona, miaka mingapi baadaye alisimulia. Na swali la mwezi gani alilipigia mstari, akasema ni swali ambalo yeye mwenyewe angeuliza.

Vijiji vile kumi na vitatu nimeviacha kwenye ukurasa wa mbele, jinsi mzee alivyotaka. Tangu hapo wamekuja wengine wawili, mama mmoja wa upande wa Mitwaba na mzee aliyekuwa mvuvi wa Kisale. Yule mama ndiye aliyenipigia simu siku ile. Hana habari za lechwe, ana habari za pundamilia aliowaona akiwa msichana, akienda na mama yake kuuza unga karibu na Lusinga. Kabla hajaanza aliniuliza kama na jina la banda lake la kambini ninaweza kuliandika, namba yake anaikumbuka. Nikaandika.

Binti anarudi Tshangalele Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kituo cha kwanza saa kumi na mbili na nusu. Anasema anaweza kuchukua watu wawili, na mmoja tayari ni mvuvi yule. Mwenye kutaka nafasi iliyobaki anipigie. Viatu vya kanisani hapana.